Unajua Kwanini Farao Alizikwa na Vibarua 413? Hii Hapa Stori ya Sanamu za Kaburini Misri

Hebu vuta picha. Umehangaika duniani maisha yako yote, siku zimeisha, umekufa. Umesomewa hukumu, umepita. Unafunguliwa mlango wa maisha mapya, unaingia na furaha zako zote, halafu kitu cha kwanza unachokabidhiwa ni jembe. Unaambiwa shamba lile pale, mfereji ule pale umejaa tope, anza kazi.

Kwa Wamisri wa kale huo haukuwa utani. Ilikuwa hofu ya kweli kabisa, ya makuhani, ya maofisa na hata ya Farao mwenyewe. Na dawa waliyoipata ni vijisanamu ambavyo vingi unaweza kuvishika kwa mkono mmoja. Leo vimejaa kwenye makabati ya vioo ya makumbusho dunia nzima, na jina lake ni ushabti. Watu wengi wakiviona wanadhani ni midoli, wengine wanadhani ni miungu. Ukweli ni kwamba hao ni vibarua.

Stori yao ni ndefu na ina mambo mengi: watu waliozikwa na mfalme wao, mgomo wa mafundi wenye njaa, na risiti ya malipo ya kazi za kuzimu. Twende taratibu.

KUFA ILIKUWA NI KUHAMA

Mmisri wa kale hakuamini kwamba mtu ana mwili na roho basi. Aliamini kuna kitu kinaitwa ka, yaani nguvu ya uhai, ambayo inahitaji kula na kunywa hata baada ya mtu kufa. Halafu kuna ba, ambayo walikuwa wanaichora kama ndege mwenye kichwa cha binadamu. Hiyo ba inatoka kaburini mchana kuzunguka, usiku inarudi kwenye mwili kupumzika.

Sasa hapo unaelewa kwanini walikazana kukausha maiti. Mwili ukioza, ba ikirudi usiku haina pa kufikia. Kwa wenye pesa shughuli hiyo ilichukua siku 70 mpaka maziko.

Lakini pamoja na dawa zote na vitambaa vyote, mwili unaweza kuharibika. Wezi wa makaburi walikuwepo tangu zamani. Kwahiyo ikabidi uwepo mwili wa akiba, na mwili huo ndio sanamu.

Mfano mzuri ni Farao Djoser, yule wa piramidi ya ngazi pale Saqqara, karibu miaka 4,700 iliyopita. Sanamu yake ya mawe ya chokaa iliwekwa kwenye chumba kidogo kisicho na mlango, kimefungwa kila upande. Ukutani yalitobolewa matundu mawili tu usawa wa macho, ili mzee aone nje na harufu ya ubani imfikie. Sanamu halisi ilihamishiwa kwenye makumbusho ya Cairo, na pale Saqqara ikawekwa nakala. Mpaka leo mtalii akichungulia kwenye yale matundu anakutana uso kwa uso na Farao anayemtazama.

Na sanamu haikuanza kazi hivihivi. Kuhani alifanya ibada ya kufungua kinywa, anagusa mdomo wa sanamu kwa vifaa vilivyofanana na vya seremala, ili iweze kupumua, kula na kuona. Halafu lazima iandikwe jina. Jina ndilo lililoamua sanamu hii ni ya nani. Ndiyo maana baada ya malkia Hatshepsut kufa, enzi za Thutmose III aliyemfuata, majina yake yalichongwachongwa na kufutwa kwenye kuta na kwenye sanamu. Ukifuta jina la mtu ni kama umemuua mara ya pili.

Shika hapo kwenye jina. Mbele litatokea tena.

PEPONI KUNA MASHAMBA

Mmisri akifa anapelekwa mbele ya Osiris, mfalme wa wafu. Moyo wake unawekwa kwenye mzani, upande wa pili unawekwa unyoya wa Maat, alama ya ukweli na haki. Anubis mwenye kichwa cha mbweha anasimamia mzani, Thoth anaandika matokeo. Pembeni amekaa Ammit, mnyama mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na makalio ya kiboko, anasubiri. Moyo ukiwa mzito kwa maovu, unaliwa. Hapo umekwisha kabisa, hakuna rufaa.

Ukipita, unaingia Mashamba ya Matete. Ni sehemu inayofanana na Misri yenyewe, ila ni Misri isiyo na shida. Maji hayakauki, shayiri inakua kuliko urefu wa mtu, hakuna njaa.

Tatizo ni moja. Shayiri hiyo hailimwi na malaika. Mashamba ni ya Osiris, na Osiris ni mfalme. Mfalme ana haki ya kuita watu wake kazini.

MSARAGAMBO WA FARAO

Hapa ndipo inabidi kurudi duniani kidogo, maana hofu ile haikutoka hewani.

Kila mwaka Mto Nile ulikuwa unafurika. Maji yakipungua yanaacha tope zuri la kulima, lakini yanaacha pia mifereji iliyoziba na mipaka ya mashamba iliyopotea. Serikali ilikuwa inaita watu kwa majina: fulani kwenye mfereji, fulani kwenye machimbo ya mawe, fulani kwenye mashamba ya mfalme. Msaragambo wa lazima.

Na usifikiri walikuwa wanapenda. Kwenye makumbusho ya Brooklyn kule New York kuna karatasi ya mafunjo ya kipindi cha Farao Amenemhat III, miaka ya 1800 KK hivi. Ndani yake kuna orodha ya watu karibu 80 waliotoroka kazi za serikali. Kila jina limefuatiliwa: huyu kaonekana, huyu bado. Na kuna waliotoroka ambao ndugu zao walishikiliwa mpaka mtoro mwenyewe ajitokeze.

Sasa mtu aliyekulia kwenye nchi kama hiyo, ukimwambia peponi kuna mfalme na kuna mashamba, yeye anasikia jina lake likiitwa. Na kama alikuwa mkubwa duniani, jembe hajawahi kulishika. Kule atafanyaje?

WALIANZA NA WATU HALISI

Jibu la kwanza kabisa lilikuwa la kutisha. Huko Abydos, kwenye makaburi ya wafalme wa kwanza wa Misri, miaka kama 5,000 iliyopita, kaburi la mfalme Djer limezungukwa na makaburi madogo zaidi ya 300. Humo walizikwa watumishi na watu wa nyumbani mwake. Wataalamu wengi wanaamini kwamba wengi wao waliuawa ili wamfuate bosi wao. Ukoo ule wa kwanza wa wafalme ulipoisha, na mtindo huo ukakoma.

Baadaye wakaja watumishi wa mawe. Kwenye makaburi ya wakubwa wa enzi za mapiramidi zimepatikana sanamu za mwanamke anayesaga nafaka kwenye jiwe, mwanaume anayekamua bia, mwingine anachoma mkate. Hao hawakuwa wa kutazamwa. Kazi yao ilikuwa kumpikia marehemu milele.

Ikaja mbao. Mwaka 1920 mtaalamu wa Kimarekani Herbert Winlock alikuwa anasafisha kaburi la ofisa mmoja anaitwa Meketre, upande wa magharibi wa Luxor. Kaburi lilishaibiwa zamani sana. Lakini kwenye sakafu kulikuwa na chumba kidogo ambacho wezi hawakukigundua. Ndani kulikuwa na dunia nzima ya watu wadogo wa mbao: buchani wanachinja, kiwandani wanasuka nguo, jikoni wanaoka mikate na kutengeneza bia, mashua zinapiga makasia. Kuna mpaka gwaride la ng'ombe wanaohesabiwa, Meketre amekaa kivulini na makarani wake wanaandika. Vitu vile viligawanywa kati ya Cairo na New York, na rangi zake bado zipo baada ya miaka karibu 4,000.

USHABTI ANAINGIA

Kipindi hichohicho cha kina Meketre, mwaka 2000 KK hivi, ndipo ushabti anaanza kutokea. Wa mwanzo walikuwa vijitu vya nta vilivyofungwa kitambaa na kulazwa kwenye jeneza dogo, kama maiti ya mfano. Wakati huo mtu alikuwa na mmoja tu au wachache, na huyo mmoja alikuwa ni yeye mwenyewe, mbadala wake.

Baadaye wakaanza kumwandikia maneno mwilini. Kwa kifupi maneno yale ni maagizo: bwana fulani akiitwa kulima, kumwagilia au kubeba mchanga kutoka mashariki kwenda magharibi, wewe ndiye uitike na useme upo. Wataalamu wengi wanalihusisha jina lenyewe la ushabti na neno la Kimisri la kujibu. Ni yule anayeitika jina la mwingine likisomwa. Kama umewahi kumwitikia rafiki yako darasani akiwa mtoro, basi umeshafanya kazi ya ushabti.

Wakapewa na zana. Angalia mikono yao iliyokunjwa kifuani utaona majembe, na mgongoni kuna kikapu au mfuko wa mbegu. Wengine walichongwa kwa mawe au mbao, wengine walitengenezwa kwa unga wa mchanga uliochomwa mpaka ukatoka na mng'ao wa bluu. Wale wa bluu kali wa kuhani mkuu Pinudjem I, waliopatikana kwenye pango la maiti za kifalme Deir el-Bahri, ukiwaona utadhani wametoka tanuruni juzi.

MMOJA HAKUTOSHA

Halafu tamaa ikaingia. Kama kibarua mmoja ni mzuri, kumi je?

Seti I, ambaye kaburi lake lilifunguliwa na Giovanni Belzoni mwaka 1817, alizikwa na zaidi ya 700. Tutankhamun, yule kijana aliyefariki akiwa na miaka kama 19 na kaburi lake likapatikana na Howard Carter na vibarua wake wa Kimisri Novemba 1922, alikuwa na 413. Na hiyo 413 haikuja kwa bahati. Ni vibarua 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka. Halafu wanyapara 36, maana wiki ya Kimisri ilikuwa na siku 10, kila kundi la kumi na mnyapara wake. Halafu wakuu 12, mmoja kwa kila mwezi. Kijana alikufa mapema lakini zamu za kazi zake zilishapangwa mwaka mzima.

Aliyewapita hao wawili ni Taharqa, mfalme wa Kushi aliyetoka Sudan ya leo akaitawala na Misri kuanzia mwaka 690 mpaka 664 KK. Kwenye Biblia anaitwa Tirhaka. Kaburini kwake Nuri, Sudan, zimepatikana sanamu zaidi ya 1,000 za mawe.

Lakini ukiangalia wale wanyapara vizuri unaona kitu kimebadilika. Hawajashika jembe. Wamevaa nguo ya mtu hai na mkononi wana kiboko. Wataalamu wanawaita reis, neno la Kiarabu la msimamizi, ambalo sisi Waswahili tunalo kama rais. Yaani yule ushabti aliyeanza akiwa ni wewe mwenyewe, mwili wako wa pili, ameshageuka mtumwa wako, na amewekewa mtu wa kumchapa.

Binadamu alipata nafasi ya kutengeneza pepo anayoitaka, akaingia nayo mpaka mnyapara.

WALIOCHIMBA MAKABURI WALIPOGOMA

Kuna watu hawasikiki sana kwenye stori hizi: waliokuwa wanachimba na kupamba makaburi yenyewe. Walikuwa wanaishi kijiji kinachoitwa Deir el-Medina leo, karibu na Bonde la Wafalme. Mafundi mawe, wachoraji, makarani. Mshahara wao ulikuwa nafaka, pamoja na samaki, mboga, mafuta na nguo.

Mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III, kama 1157 KK, mshahara ukachelewa. Zikapita siku, wiki zikaisha, hakuna kitu. Mafundi wakaweka zana chini, wakatoka kijijini, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu. Wakawaambia wakubwa kwamba wamefika hapo kwa sababu ya njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, na habari hiyo ifike kwa Farao. Karani wao Amennakht aliandika, na mafunjo hayo yako kwenye makumbusho ya Turin, Italia. Ndiyo mgomo wa kwanza duniani unaofahamika kwa maandishi.

Walilipwa, kisha malipo yakachelewa tena, wakagoma tena. Fikiria hali hiyo: watu wanaotengeneza nyumba ya milele ya Farao, iliyojaa chakula cha kuchorwa ukutani, wao nyumbani watoto hawana nafaka.

Mafundi haohao walikuwa na makaburi yao. La Sennedjem, fundi wa kijiji hicho aliyeishi kabla ya mgomo, lilipatikana zima mwaka 1886. Ukutani amechorwa yeye na mke wake Iyneferti ndani ya Mashamba ya Matete, wamevaa nguo nyeupe safi za sherehe, wanalima na kuvuna wenyewe. Na bado ndani ya kaburi hilo zilikutwa sanamu za ushabti. Hata fundi aliyejua jasho alitamani siku moja jasho limtoke mwingine.

NIPE RISITI YANGU

Sasa sikia hii. Kama miaka 200 baada ya ule mgomo, alifariki Neskhons, mke wa kuhani mkuu wa Amun pale Thebes. Ikatolewa amri ya mungu Amun, ikaandikwa kwenye vibao vya mbao, kuhusu ushabti wake. Amri inasema kila walichostahili kulipwa waliotengeneza sanamu hizo kimelipwa, kwahiyo sanamu zimfanyie kazi Neskhons bila kisingizio.

Na kwenye makumbusho ya Uingereza, London, kuna mafunjo mengine ya zama zilizofuata. Fundi anaitwa Padikhonsu anamwandikia mteja wake ambaye amemnunulia baba yake sanamu 401, yaani vibarua 365 na wanyapara 36. Fundi anakiri amepokea fedha yote na ameridhika, halafu anaziambia sanamu ziende zikamtumikie mzee. Hiyo ni risiti kabisa.

Hakuna anayeweza kusema ule mgomo ndio ulileta risiti hizi. Lakini wasiwasi wa mteja unaonekana wazi. Aliogopa kwamba siku jina la baba yake likiitwa, vibarua wake watakaa kimya kwa sababu hawajalipwa. Nchi ile ilishajua kwamba mtu asiyelipwa hafanyi kazi, na ikaamini kwamba hata udongo uliochomwa unajua hilo.

MWENYE JINA NA ASIYE NA JINA

Desturi ya ushabti ilififia na kuisha wakati Misri ikitawaliwa na ukoo wa Kiyunani wa kina Ptolemy, karne chache kabla ya Kristo. Ilidumu karibu miaka 2,000.

Sasa rudi kwenye lile suala la jina. Sanamu ya Farao inaandikwa jina la Farao. Sanamu ya kuhani, jina la kuhani. Na ushabti? Naye anaandikwa jina la bosi wake. Mwanzoni ilikuwa na maana, kwa sababu alikuwa ni bosi mwenyewe kwa umbo dogo. Lakini walipofika 401, na wengine wana viboko, hesabu haikai sawa tena. Wale 365 wanaolima wote wana jina moja, na hilo jina si lao. Kwa imani ya Wamisri wenyewe, asiye na jina hayupo. Walitengeneza wafanyakazi wa kuitika milele, wakahakikisha hakuna atakayeitwa yeye.

Na duniani ilikuwa hivyohivyo. Jina la Tutankhamun linajulikana mpaka kwa mtoto wa shule ya msingi. Wale waliomchongea sanamu 413, moja baada ya nyingine, karibu wote wamepotea. Ila wachache waliponea kwenye karatasi: waliotoroka msaragambo, waliogoma kwa njaa, na fundi aliyetoa risiti baada ya kulipwa. Ukiangalia vizuri, wengi wa watu wadogo ambao Misri iliwakumbuka kwa majina ni wale ambao siku moja hawakuitika, au walidai chao kwanza.

Kwahiyo siku ukikutana na kijisanamu cha bluu kwenye makumbusho au hata kwenye picha, usipite haraka. Angalia mikononi kwanza. Kama ameshika majembe, huyo ni kibarua. Kama ameshika kiboko, huyo ni mnyapara. Halafu jiulize, ukipewa nafasi ya kubeba watu 413 kwenda nao peponi, ungewapa majembe, au ungewapa majina?